Nilimwambia mama wa Kigoma "nitapima", kazi ikaenda kwa mwingine: jinsi mwaka wangu wa mizani ulivyoanza

Wakuu, nawasalimu kutoka ng'ambo ya ziwa, Kalemie, upande wa Kongo.

Hii ni mara yangu ya pili kuandika humu. Mara ya kwanza niliuliza swali fupi mwanzoni mwa mwaka. Nitalifikia, kwa sababu majibu yenu yamo ndani ya kisa hiki. Sitatia chumvi. Chumvi yenyewe huku kwetu inatoka kwenu Uvinza, kwa hiyo hata nikitaka kuitia lazima niwaombe nyie kwanza.

Naandika Kiswahili cha vitabuni kadiri ninavyoweza. Ila watu wa nyumbani wakiongea nitawaacha waongee kama walivyoongea. Mtaelewa. Kuna neno moja hasa ambalo huku lina maana nyingine, na hilo ndilo lililonileta hapa.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na saba. Nilimaliza licence ya gestion, nyie mngesema shahada ya usimamizi, miaka miwili iliyopita. Diploma iko ndani ya farde, yaani jalada, ya plastiki juu ya kabati. Mara moja kwa mwezi naishusha kuangalia kama panya hawajaianza.

Dosie, yaani maombi ya kazi, nimepeleka kila mahali penye ofisi na bendera. Jibu ni lile lile, tena kwa upole: "On va vous appeler." Tutakupigia. Simu yangu naichaji kila siku kwa ajili ya watu ambao hawatapiga.

Naishi kwa wazazi. Papa alifanya kazi ya reli mpaka alipostaafu. Mama anauza ndakala sokoni, nyie mnawaita dagaa. Mdogo wangu wa kike, Mireille, anasomea uuguzi.

Na jambo la kunihusu ambalo lazima mlijue mapema: nawaza sana. Mtu akiniandikia "ok" nakaa na hiyo "ok" nusu siku. Ni ok ya furaha au ok ya kunifungia mlango? Kwa nini hakuweka nukta? Au kwa nini aliweka?

Sasa, mwishoni mwa mwaka jana nilisoma humu nyuzi nyingi za kupanga mwaka. Malengo, mizani ya maisha, kazi isile familia, familia isile afya. Kuna mmoja wenu aliandika kwamba lengo lisilopimika si lengo. Niliposoma hivyo nilihisi kama mtu amenishika mkono.

Nikajiambia tatizo langu kumbe si kukosa kazi, ni kukosa mpango. Leo naona kwa nini niliipenda sana hiyo hoja. Kukosa kazi hakutibiki ukiwa umekaa. Kukosa mpango kunatibika kwa kalamu tu.

Nikanunua kaye, yaani daftari, ya kurasa mia. Nikachukua sahani ya Mama, nikaiweka juu ya ukurasa wa kwanza, nikaizungushia kalamu. Nilitaka kuchora lile gurudumu la maisha lenye vipande.

Mama alisimama mlangoni.

"Papa," aliniita. Huku mama anaweza kumwita mwanawe Papa. Mimi nimebeba jina la baba yake. "Papa, sahani yangu inafanya nini juu ya kaye?"

"Nachora mwaka, Mama."

"Mwaka iko mviringo?"

Mireille alikuwa anapiga pasi blauzi yake nyeupe ya hospitali. Hakuinua hata kichwa. "Mama, umuache. Njo vile wanapikaka mwaka ku université. Kiisha wanaipakula ku sahani."

Walicheka wote wawili. Mimi niliendelea kugawa vipande saba: Mungu, afya, familia, kazi, masomo, marafiki, utulivu wa moyo. Kila kipande alama kumi. Kila Jumapili baada ya misa nitajipa alama, na kipande kilichobaki nyuma nitakisukuma wiki inayofuata.

Kwenye kazi nilijipa mbili. Sikuwa na kazi yoyote, hizo mbili zilikuwa za huruma.

Mwezi wa kwanza ukaanza. Asubuhi mapema nakimbia kando ya reli. Kisha sala. Kisha Kiingereza kwenye simu. Kisha kumsaidia Mama kubeba beseni, hiyo ni familia. Jumatano ni siku ya marafiki, kila wiki rafiki mmoja. Wa kwanza niliyemtembelea alinikuta barazani kwake akashtuka.

"Umekuja juu ya nini?"

"Kukusalimia tu."

"Nani amekufa?"

Nilikaa dakika arobaini kama nilivyopanga, naye muda wote ananitazama usoni akingoja nimpe ile habari mbaya. Nilijipa alama sita.

Wakuu, wiki ya tatu nilikuwa nimechoka kuliko watu wenye kazi. Sisemi kwa mzaha. Mapumziko yenyewe nilikuwa nimeyawekea saa: kumi hadi kumi na moja jioni, utulivu wa moyo. Nilikuwa naketi kwenye kiti cha mbao nyuma ya nyumba, natazama saa ili utulivu usizidi.

Nikikosa kukimbia kwa sababu ya mvua, afya inashuka. Ikishuka, nasikitika, utulivu unashuka. Utulivu ukishuka simsikilizi Mama vizuri, familia inashuka. Mvua moja tu ya asubuhi, na Jumapili kaye nzima inanitazama kama mwalimu aliyekasirika.

Basi. Jumatano moja nikamwona Papa anavaa koti lake la misa, na haikuwa siku ya misa. Joto lilikuwa kali. Alishuka kuelekea bandarini, akarudi mchana, akakaa, akavua viatu polepole.

"Kuna mama moja wa Kigoma," akasema. "Iko na depo pale chini ku port. Anatafuta muntu wa kusoma karatasi za douane. Nimemusemea jina yako. Kesho saa tatu."

Hapo nataka mnielewe. Papa haombi. Paa letu lilipoezuliwa na upepo hakwenda kumwomba jirani ngazi, alipandisha meza juu ya meza akapanda yeye. Sikuwahi kumwona akimwendea mtu kwa ajili ya jambo lake mwenyewe. Na sasa alikuwa amevaa koti, amesimama mbele ya mama asiyemjua vizuri, akasema: nina mtoto.

Kwa hiyo haikuwa kazi tu. Lilikuwa jina la Papa. Nililijua hilo tangu dakika ile ya kwanza, ndiyo maana kisa hiki bado kinanichoma.

Huyo mama wa Kigoma nitamwita Mama Salma, si jina lake. Ni mtu wa Ujiji, ana miaka mingi anavusha unga, sabuni, ndoo na sahani za plastiki. Depo yake ina mlango mpana wa chuma, na mbele yake kuna mizani ya kupimia magunia. Nilimkuta anakunywa kahawa huku miwani imemshukia puani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mtoto wa mzee wa reli? Kaa. Soma hii, uniambie inasema nini."

Ilikuwa barua ya watu wa douane, yaani forodha, Kifaransa kile kizito kisicho na mlango wala dirisha. Nilisoma, nikamwambia kwa Kiswahili: wanataka cheti cha sabuni, wanasema kilicholetwa ni nakala, na wanampa wiki moja. Aliitikia kwa kichwa. Akanipa ya pili, na ya tatu.

"Unaona shida yangu," akasema. "Wao wanaandika Kifaransa, mimi nasema Kiswahili, mzigo wangu umekaa katikati unanyeshewa. Nataka mtu wa kukaa hapo katikati. Kiswahili chako nakielewa, ingawa nyie mnaongea kama mnaimba."

Nilicheka. Naye alicheka.

"Basi mwanangu, Jumatatu saa moja asubuhi nikukute kwenye meza hii. Utaweza?"

Moyo ulinipasuka kwa furaha. Nikainamisha kichwa, nikasema kwa adabu yangu yote:

"Nitapima, mama."

Sasa nyie wa Kigoma, Dar na kwingineko mmeshaona. Mimi sikuona.

Kwetu kupima ni kujaribu. Mtu anayejifunza baiskeli tunamwambia pima, pima, usiogope. Na mbele ya mkubwa huwezi kusema "nitaweza" kavu kavu, utaonekana una kiburi, kama kwamba kesho umeiweka mfukoni. Unashusha macho unasema nitapima. Maana yake nitakuja, nitafanya kwa nguvu zangu zote, Mungu akisaidia. Ni ndiyo, ila ndiyo yenye heshima.

Mama Salma alinitazama juu ya miwani. Kikombe kilibaki kimesimama hewani.

"Haya baba," akasema. "Pima. Ukishapima utanijulisha."

Mimi ninayekaa nusu siku na "ok" ya mtu, hapo sikuwaza kitu. Nilisikia: jaribu, mwanangu. Niliondoka natembea juu ya mawingu.

Nyumbani nikamwambia Papa nimekubaliwa, naanza Jumatatu. Alisema "Bon." Neno hilo moja. Lakini mezani aliongeza bukari, yaani ugali, mara ya pili, jambo ambalo halifanyi, na Mama akanitazama akatabasamu.

Kama ningelala tu mpaka Jumatatu, huenda nisingekuwa na uzi wa kuandika.

Ijumaa nilifungua kaye. Saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, siku sita kwa wiki. Nilichora gurudumu jipya lenye kazi ndani yake. Lilikuwa kama gurudumu la baiskeli iliyotoka mtaroni. Kazi imevimba, marafiki wamebaki uzi mwembamba, kukimbia hakuna, na Jumamosi, siku ya mazoezi ya kwaya, imemezwa yote.

Nikaogopa. Nikajiuliza hivi ndivyo mwaka wangu utakavyokuwa? Nikianza vibaya si nitaendelea vibaya? Watu wote wanaoandika kuhusu kujichosha mpaka kuugua, si walianza hivi hivi?

Ndipo nikaja humu kuuliza: je, ni sawa kumwomba mwajiri nusu siku ya Jumamosi kabla hujaanza kazi? Mlinijibu. Mmoja aliandika: "Dogo, nenda kazini kwanza, mizani utaikuta huko." Mwingine akaandika: "Usikubali kuwa mtumwa, weka mipaka mapema." Nilisoma yote mara nyingi, nikamchagua aliyesema nilichokuwa tayari nakitaka. Simlaumu. Hakunijua, na hakujua kwamba sijafanya kazi hata siku moja.

Jumamosi nikamwandikia Mama Salma meseji. Niliifuta na kuiandika upya sijui mara ngapi. Ilisema hivi, ninayo bado:

"Mama shikamoo. Nashukuru sana kwa nafasi. Mwaka huu nimejiwekea malengo ya kuwa na maisha yenye mizani kati ya kazi, imani, afya na jamii. Naomba kujua kama inawezekana Jumamosi niwe nafanya nusu siku, ili nikupe ubora zaidi siku nyingine. Niko tayari kwa mazungumzo."

Niko tayari kwa mazungumzo! Kwa mama mwenye gunia kila upande.

Alijibu: "Sawa."

Nilikaa na hiyo "Sawa" mpaka Jumapili jioni. Mwishoni niliamua ni sawa ya kukubali. Nikajipa alama saba kwenye kazi.

Jumatatu nilifika kabla ya saa moja. Kwenye ile meza alikuwa ameketi binti mmoja, Esther, wa avenue ya nyuma ya kwetu. Ana diploma ya sekondari tu. Mbele yake kulikuwa na barua na kalamu, na tayari alikuwa ameandika nusu ukurasa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeniletea majibu ya vipimo?"

"Majibu gani, mama?"

"Si ulisema unapima? Alhamisi nimekupa kazi, ukaniambia utapima. Nikasema labda ana pengine anapoitwa, ni haki yake. Jumamosi ukanitumia meseji ndefu kama hati ya forodha, mara mwaka una mizani, mara Jumamosi nusu. Nikasema haya, kijana kapima, kaniona mwepesi."

Wapagazi waliokuwa mlangoni walicheka. Nilihisi masikio yanawaka. Nikaanza kueleza, maneno yakanifunga ulimi, Kifaransa kikaingia, Kiswahili kikatoka. Mmoja wa wapagazi, mtu mzima, ndiye aliyeniokoa.

"Mama Salma, huku kwetu kupima njo kujaribu. Ule alikuwa anakuitika."

Mama Salma akaweka mkono mdomoni. "Yaani siku ile ulikuwa unasema ndiyo?"

"Ndiyo, mama."

"Ndiyo ya kwetu au ndiyo ya kwenu?"

Hapo walicheka mpaka mmoja akakaa juu ya gunia. Hata Esther aliinamia karatasi mabega yakimtetemeka. Nami nikacheka kidogo, nikidhani yamekwisha, nikidhani sasa tutapanga viti.

Mama Salma akafuta macho. Kisha akasema, na hakuwa anacheka tena:

"Lingekuwa neno peke yake, mwanangu, ningelisamehe sasa hivi. Lakini na ile meseji ya Jumamosi, nayo ni Kiswahili cha kwenu?"

Akamwonyesha Esther kwa kidole.

"Huyu nilimwuliza utaweza, akasema naweza. Nimempa neno langu. Siwezi kumwinua kitini. Msalimie baba yako."

Nilirudi nyumbani kwa njia ndefu, ile ya kupita kwenye nyumba za chini ambazo ziwa lilizila lilipopanda. Nilikuwa natafuta jinsi ya kusema. Nilipata jinsi nzuri sana: nitasema lile neno, nitaiacha meseji.

Papa alikuwa uani. Nikamweleza. Nikasema, Papa, ni lugha tu, yule mama hakunielewa, nilisema nitapima naye akasikia vingine.

Papa alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasimama.

"Kama njo ile tu, nitaenda kumueleza. Ni mama wa akili. Atasikia."

Akaingia ndani akatoka na koti. Alikuwa amekwisha kuingiza mkono mmoja.

Niliona atakavyoshuka nalo tena bandarini kwenye jua lile, atakavyosimama mbele ya wapagazi wale wale, aeleze maana ya kupima, na Mama Salma amwonyeshe simu.

"Papa, ngoja. Kuna na message."

"Message gani?"

Nikamsomea. Yote, mpaka pale kwenye mazungumzo. Alisikiliza amesimama, mkono mmoja ndani ya koti, mwingine nje.

"Mizani njo nini?"

"Njo… vitu vyote vya maisha vikuwe sawasawa, Papa. Kimoja kisipite kingine."

Kisha akautoa ule mkono, akalikunja koti juu ya kiti, polepole, mshono kwa mshono.

"Miye nilimwambia ule mama: mutoto wangu hachagui kazi."

Hakupandisha sauti. Akaenda kumwagilia lengalenga zake nyuma ya nyumba. Lengalenga ni mchicha. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi ile ile.

Siku zilizofuata sikukimbia, sikusoma Kiingereza, sikujipa alama. Ajabu ni kwamba uchovu haukuondoka. Nilikuwa nimedhani ni ratiba inayonichosha. Kumbe nilikuwa nachoshwa na kujitazama, na ratiba ilikuwa kioo tu. Papa alinisalimia kama kawaida. Hakuniuliza kuhusu kazi. Afadhali angenifokea.

Wiki ya pili nikaamua kurudi kwa Mama Salma. Si kwa ajili ya kazi, nilijua imekwenda. Sikutaka mama yule abaki anaamini kwamba mzee wa reli alimdanganya. Niliandaa maneno ya kurasa mbili. Nilipofika nilikuta anahesabu ndoo, na kurasa zote mbili zikanipotea.

"Mama, Papa yangu hakukudanganya. Alisema sichagui kazi kwa sababu yeye hajawahi kuchagua. Miye njo nilichagua. Nimekuja kusema ile tu."

Aliendelea kuhesabu mpaka akamaliza mstari.

"Kazi haipo."

"Najua, mama."

"Sasa unaomba nini?"

"Sikuja kuomba."

Akanitazama. Esther naye aliacha kuandika.

"Kesho boti inaingia," akasema Mama Salma. "Huyu hajawahi kukaa na watu wa forodha mzigo ukishushwa, watamzungusha. Saa kumi na mbili asubuhi. Utakuja?"

Ulimi wangu ulikwenda wenyewe kwenye "p". Nikaurudisha.

"Nitakuja."

"Hiyo nimeisikia," akasema, akarudi kwenye ndoo zake.

Nilikwenda. Nilisimama kati ya mzigo na meza ya forodha kutwa nzima, nasoma, naeleza huku, naeleza kule. Jua lilinipiga, nilikula mkate mkavu saa tisa, na sikumbuki kama siku ile niliwaza kitu chochote kunihusu. Boti iliyofuata niliitwa tena. Na iliyofuata.

Hiyo ndiyo hali mpaka leo. Sina kazi ya kudumu, msije mkanipongeza. Wiki nyingine boti ni mbili, nyingine hakuna kabisa, ziwa likichafuka au mzigo ukikwama kwenu. Meza ni ya Esther, na niseme haki, anapanga karatasi vizuri kuliko mimi. Wapagazi wananiita Kipimo. "Kipimo, leo uko mwepesi ao muzito?" Nimezoea.

Nilichojifunza nitakisema kama nilivyo, mtu aliyechoka, msitegemee hotuba.

Kupanga si kubaya. Bado nina kaye, bado naandika. Lakini naandika machache: kesho nina nini, na kitu gani sitaki kukiacha. Kwa sasa ni kwaya ya Jumapili, na mazoezi yake Jumamosi kama hakuna boti. Kukimbia nimeacha. Rafiki yule sasa ananitembelea yeye, nadhani kuhakikisha niko hai.

Kosa langu lilikuwa kutaka kusawazisha maisha ambayo bado hayakuwa na uzito wowote. Nilikuwa naigawa siku tupu vipande saba, kisha naogopa mtu akija na kitu cha kuweka ndani. Neno "nitapima" lilinikosesha kazi kwa bahati mbaya, ndiyo. Ila Mama Salma alilisikia vibaya akamjua mtu vizuri. Hilo ndilo lililonichukua muda mrefu kulimeza.

Na nyie wenye biashara ng'ambo hizi mbili, mkimwuliza mtu wa huku swali akajibu atapima, mwulizeni mara ya pili. Pengine amewaambia ndiyo.

Nilitaka kuishia hapo. Lakini juzi Mireille alinifuata nikiwa naanika shati, akaongea kwa sauti ya chini. Yaya huku ni kaka mkubwa.

"Yaya, Papa alipitaka ku port siku ile ya boti ya chumvi."

"Kufanya nini?"

"Sijui. Alisimama inje, ku vyuma vya grille. Alikuangalia ukisema na ule muntu wa douane. Kiisha akarudi. Akamwambia Mama: 'Mutoto anasema, na wanamusikiliza.'"

Papa mwenyewe hajaniambia kitu. Mimi pia sijamuuliza. Na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu mtu amesema jambo kunihusu, nami sina hamu ya kutafuta alimaanisha nini zaidi ya alichosema.

Haya wakuu, mahali ni penu. Mliopanga mwaka mkaufuata hadi mwisho bila kuchoka, nielezeni mnafanyaje, na mliouacha njiani semeni pia, tusiwe wawili watatu tu. Wa kucheka mcheke. Boti ya wiki hii ikichelewa nitakaa hapa niwajibu mmoja mmoja. Ikifika, mnivumilie.